Mitto: kabla ya kutuma kuna kuachia

Sentensi iliyonifundisha kitenzi hiki cha Kilatini ina maneno matano tu: "Deinde mittit aquam in pelvem." Imo katika Injili ya Yohane, sura ya 13, Yesu akijiandaa kuwaosha wanafunzi wake miguu. Nilikuwa kidato cha pili seminarini, na kamusi ndogo tuliyokuwa tukigombania darasani ilisema kwamba mitto maana yake ni "tuma". Nikaandika: "Kisha anatuma maji kwenye beseni." Padre aliyetufundisha Kilatini hakunicheka. Alichukua kipande cha chaki, akakiinua usawa wa macho yetu, kisha akafungua vidole. Chaki ikaanguka sakafuni na kukatika vipande viwili. "Mitto," akasema. Akaokota kipande kimoja, akakirusha hadi dawati la nyuma. "Mitto." Kipande cha pili akampa mwenzetu wa mbele, akamwambia akipeleke darasa la jirani kwa mwalimu wa hisabati. "Na hiyo pia ni mitto."

Vitendo vitatu, kitenzi kimoja. Kinachoviunganisha ni vile vidole kufunguka. Kitu kilikuwa mkononi, sasa kimeachiwa kiende. Kikienda chini, Kiswahili kitasema kimeangushwa au kimedondoshwa. Kikienda mbali kwa nguvu, kimerushwa au kimetupwa. Kikienda na mtu kwenye shughuli maalumu, kimetumwa. Maji yakienda kwenye beseni, yametiwa. Sisi tunatofautisha kwa jinsi kitu kinavyokwenda na kinakofikia, ilhali Mrumi alitazama zaidi mkono unaokiachia. Ndiyo maana anayeanza Kilatini na "tuma" peke yake huteseka miaka, na anayeanza na "achia" huona maana nyingine zikijipanga zenyewe.

Tuanze na umbo lake, kwa sababu bila umbo maana haishikiki. Kamusi za Kilatini hutaja kitenzi kwa sehemu nne, na za kitenzi hiki ni mitto, mittere, misi, missum. Ya kwanza ni "natuma", ya pili ni kitenzijina, "kutuma", ya tatu ni nafsi ya kwanza ya wakati timilifu, na ya nne ni umbo linaloitwa supini, ambalo pia hutuonyesha shina la maumbo ya kutendwa. Mwanafunzi azikariri zote nne kama jina la mtu na ubini wake, kwa sababu shina linabadilika: mitt- yenye t mbili kwenye wakati uliopo, mis- yenye i ya kuvuta kwenye wakati timilifu, na miss- yenye i fupi kwenye kutendwa.

Herufi moja hapa hubeba mzigo mkubwa. Mittit ni "anatuma", misit ni "alituma". Mittimus ni "tunatuma", mittemus ni "tutatuma", mittamus ni "tutume". Irabu moja katikati ya neno ndiyo inayotenga jambo linalotendeka, litakalotendeka na linalohimizwa. Msemaji wa Kiswahili asiogope, maana sisi tunafanya vivyo hivyo mwishoni mwa neno: "tunatuma" na "tutume" zinatengwa na -a na -e. Umbo moja tu ndilo la kuangaliwa kwa jicho kali, nalo ni mittam. Linaweza kuwa "nitatuma" na linaweza kuwa "nitume", na hakuna alama yoyote kwenye neno itakayokuambia ni lipi. Sentensi nzima ndiyo inayoamua.

Mtego mwingine ni miserunt. Wanafunzi wengi huliona neno hili wakakumbuka miserere nobis, "utuhurumie", wakatafsiri "walihurumia" au "walikuwa maskini". Hakuna undugu wowote hapo. Miserere ina mzizi wake wa taabu na huruma, na miserunt ni "walituma" tu, nafsi ya tatu wingi ya misi.

Kuhusu wakati, liko jambo ambalo vitabu vingi vya sarufi vilivyoandikwa kwa ajili ya Wazungu havimsaidii Mswahili. Wakati timilifu wa Kilatini hubeba kwa umbo moja mambo mawili ambayo sisi tunayatenga vizuri kabisa: -li- na -me-. Misi yaweza kuwa "nilituma" na yaweza kuwa "nimetuma". Mrumi anapomwandikia rafiki yake litteras ad te misi, unapaswa kujiuliza: anasimulia barua aliyoipeleka mwezi uliopita, au anataarifu kwamba barua iko njiani? Kilatini hakijibu, Kiswahili kinakulazimisha kujibu. Mfasiri anayeandika -li- kila mahali anapotosha nusu ya matini bila kujua.

Kutendwa nako kuna sura yake. Katika wakati uliopo neno huwa moja, mittitur, "anatumwa". Katika wakati timilifu huwa mawili: missus est. Hapo wengi hukwama, kwa sababu wanajua est ni "yuko" au "ni", basi wanasoma "anatumwa". Sivyo. Missus peke yake tayari ni "aliyetumwa", na yote mawili pamoja ni "alitumwa" au "ametumwa". Sehemu hiyo ya kwanza, tena, hufuata jinsia ya mtendwa: missus kwa mwanamume, missa kwa mwanamke au nomino ya jinsia hiyo, missum kwa nomino isiyo ya kiume wala ya kike. Luka anapoanza habari ya Bikira Maria katika Kilatini, anasema missus est angelus Gabriel a Deo in civitatem Galilaeae: malaika Gabrieli alitumwa na Mungu kwenda mji wa Galilaya. Ile a mbele ya Deo inafanya kazi ya "na" yetu, ikimtaja mtendaji. Liweke kando neno missa, tutalihitaji baadaye.

Nani anatumwa, kwa nani, wapi

Kilatini hubadili mwisho wa nomino kulingana na kazi yake katika sentensi. Puer ni mtoto wa kiume. Puerum mitto ni "namtuma mtoto", mtoto mwenyewe ndiye anayeondoka, na nomino iko katika akuzativu. Puero mitto librum ni "namtumia mtoto kitabu", kitabu ndicho kinachoondoka na mtoto ni mpokeaji, nomino ikiwa katika dativu. Tazama jinsi Kiswahili kinavyotatua suala lilelile upande wa pili wa sentensi. Kiambishi -m- hakibadiliki, namtuma na namtumia. Kinachobadilika ni kitenzi, ambacho kinaongezwa -i- ya kutendea. Mrumi anaweka tofauti kwenye mkia wa nomino, sisi tunaiweka tumboni mwa kitenzi. Mwanafunzi akiona hivyo, dativu haimsumbui tena. Kila mara anapotaka kusema "-tumia", "-pelekea" au "-rushia", ajue nomino ya mpokeaji inaelekea dativu.

Njia ya pili ni ad pamoja na akuzativu: ad te misi, "nimetuma kwako". Zote mbili ni Kilatini safi. Tofauti ni ileile iliyopo kati ya "nimekutumia" na "nimetuma kwako": ya kwanza inakutazama wewe unayefaidika, ya pili inatazama safari na kituo chake.

Mahali napo pana kanuni itakayompendeza Mswahili. Jina la mji halihitaji kihusishi: Romam misit, "alimtuma Roma". Lakini nchi, au neno la kawaida, linataka in: in Galliam, in urbem. Sisi nasi tunasema "alimtuma Roma" bila kuongeza chochote, ila tukifika kwenye neno la kawaida tunatia -ni: "alimtuma mjini". Hakuna anayesema "Romani". Lugha mbili zisizo na ukoo zimekubaliana kwamba jina la mji ni mahali tayari na halihitaji kuambiwa hivyo.

Sasa tufike kwenye kusudi la kutuma, kwa sababu mtu hatumwi bure. Hapa Julius Caesar ni mwalimu mzuri, maana kitabu chake juu ya vita vya Galia, takriban Ufaransa ya leo, kimejaa wajumbe wanaokwenda na kurudi. Mwaka 58 kabla ya Kristo, kabila la Helvetii, watu wa eneo la Uswisi ya leo, walipopata habari kwamba amewasili, legatos ad eum mittunt nobilissimos civitatis, wanatuma kwake wajumbe, watu wenye heshima kuu katika taifa lao, na baada ya maneno machache inafuata qui dicerent, "ambao waseme", yaani ili waseme kwamba wanataka kupita mkoani bila kudhuru mtu. Kishazi rejeshi chenye kitenzi katika dhamira tegemezi, umbo la jambo linalotakiwa badala ya lililopo, hugeuka kuwa kusudi. Mbele kidogo kabila la Aedui, mashamba yao yakiharibiwa, legatos ad Caesarem mittunt rogatum auxilium. Humo hamna "ambao" wala "ili". Kuna rogatum tu, supini ya "kuomba", ambayo baada ya kitenzi cha mwendo humaanisha "kwenda kuomba".

Supini hii huwatesa wanafunzi wa Ulaya, kwa sababu lugha nyingi za huko hazina kitu kama hicho. Sisi tunacho, na tunakitumia kutwa. Mama anamtuma mtoto dukani: "Nenda kanunue chumvi." Anamweleza jirani: "Nimemtuma akanunue chumvi." Ile -ka- iliyokaa kabla ya kitenzi chenye -e mwishoni inasema kwamba tendo litafanyika baada ya kwenda, kule aendako. Kwa hiyo legatos mittunt rogatum auxilium ni "wanatuma wajumbe wakaombe msaada". Si "waombe", ni "wakaombe". Mswahili akizisoma hizi mbili pamoja, supini inamkaa kichwani siku hiyohiyo.

Kuna jambo jingine katika sentensi ya Helvetii. Caesar anasema mittunt, "wanatuma", wakati uliopo, kisha anaendelea na dicerent, umbo linalofuata kitenzi cha wakati uliopita. Si kosa. Anasimulia mambo yaliyopita kwa wakati uliopo ili msomaji ayaone machoni, lakini moyoni anajua yamepita, na kishazi kinachofuata kinafichua hilo.

Mbali na qui na supini, Mrumi angeweza kutumia ut: nuntium misit ut cives moneret, "alituma mjumbe ili awaonye raia". Hii ndiyo ya kawaida kabisa na haihitaji maelezo marefu.

Pale ambapo "tuma" inashindwa

Mlango wa kweli wa kitenzi hiki uko kwenye maana zake za kuachia. Katika kitabu cha kwanza cha utenzi wake Aeneis, mshairi wa Kirumi Vergilius anamwonyesha shujaa Aeneas akiwa kwenye pwani ya Afrika ya Kaskazini, meli zake zimepigwa na dhoruba, wenzake wamekata tamaa. Anawaambia maestumque timorem mittite. Ukiweka "tuma" utapata upuuzi: "itumeni hofu yenye huzuni". Weka "achia" na maneno yanasimama: achieni hofu hiyo yenye huzuni iende zake. Hofu imeshikwa kama kitu mkononi, na amri ni kufungua mkono.

Horatius, mshairi mwingine wa Kirumi, anakwenda hatua zaidi. Mitte sectari, anamwambia kijana anayemhudumia, rosa quo locorum sera moretur: acha kutafuta ni wapi waridi la mwisho wa msimu limekawia. Mitte ikifuatwa na kitenzijina inakuwa katazo la upole. Kiswahili kina ujenzi huohuo neno kwa neno: "acha kutafuta". Sijawahi kuona mfano mwingine ambao tafsiri yake inaingia yenyewe kiasi hiki.

Mbio za magari ya farasi mjini Roma zilianzishwa na afisa aliyekaa juu akishika kitambaa cheupe. Alipokiachia, malango yalifunguliwa na farasi wakatoka. Tendo hilo waliliita mappam mittere. Hakikutumwa mahali, kiliachiwa tu, na macho ya maelfu ya watu yalikuwa kwenye vidole vyake.

Waganga nao walikuwa na sanguinem mittere, kutoa damu mshipani. Celsus, aliyeandika juu ya tiba katika karne ya kwanza, anasema kukata mshipa na kuachia damu si jambo jipya. Lililo jipya, anasema, ni kwamba karibu hakuna ugonjwa ambao watu hawatolewi damu. Wapiga chuku wa pwani yetu wangemwelewa mara moja, ingawa wao huumika kwa pembe.

Lakini mfano unaonigusa kuliko yote umo katika shairi la Martialis kuhusu mchezo uliofanyika Colosseum ilipozinduliwa mwaka 80. Wapiganaji wawili, Priscus na Verus, walipigana muda mrefu bila mmoja kumshinda mwenzake. Watazamaji, kwa kelele kubwa, wakadai missio kwa ajili ya wote wawili. Missio ni nomino ya mitto, na hapa haina maana ya kutumwa hata kidogo: ni kuachiliwa, kutoka uwanjani ukiwa hai. Mpiganaji aliyeshindwa alilitazamia neno hilo kama pumzi, na mchezo uliotangazwa kuwa sine missione ulikuwa mchezo ambao aliyeshindwa hakuachiliwa. Mwisho Kaisari Titus, anasema mshairi, misit utrique rudes: alimpelekea kila mmoja upanga wa mbao, alama ya kuachwa huru na kazi ile. Shairi moja lina pande zote mbili za kitenzi. Missio ni kuachia, misit ni kupeleka, na utrique ni dativu ileile ya mpokeaji tuliyoiona kwa mtoto na kitabu.

Jeshini, missio ilikuwa kustaafu. Sheria za Kirumi zilitaja aina tatu: honesta, ya heshima, kwa aliyemaliza muda wake, causaria, kwa mgonjwa au aliyeumia, na ignominiosa, ya aibu. Askari wa vikosi vya wasio raia alitumikia miaka 25, na wengi walipewa vibao vya shaba vinavyotaja kuachiliwa kwao kwa heshima na uraia waliopewa. Mtu aliyetumwa na dola kwa robo karne anaachwa na dola hiyohiyo kwa neno la mzizi mmoja.

Wazao wake

Mrumi anaweka viambishi mbele ya kitenzi ili kubadili mwelekeo wa kuachia, wakati sisi tunaviweka nyuma ili kubadili uhusiano wa watu: tuma, tumia, tumwa, tumiana, tumika. Sitavitaja vyote vya Kilatini. Amitto, kuachia kitu kitoke kwako, ni kupoteza, hata usipokusudia. Omitto ni kuacha jambo lipite, kuliruka. Permitto ni kuachia apite, ndipo "kuruhusu", na anayeruhusiwa huwekwa kwenye dativu: tibi permitto ut venias, "nakuruhusu uje". Remitto ni kuachia kirudi, kulegeza, kusamehe deni, na remissio peccatorum ni yale maondoleo ya dhambi tunayoyakiri katika Kanuni ya Imani. Demitto na dimitto husumbua macho: ya kwanza ni kushusha, ya pili ni kuachia watu waende huku na huku, kuagana nao. Dimitte nobis debita nostra katika Baba Yetu, kwa hiyo, ni "utuachilie madeni yetu". Union Version, tafsiri ya Biblia ya Kiswahili, kwa kusema "utusamehe deni zetu", imelihifadhi lile deni ambalo sala ya Kikatoliki imeliita makosa.

Promitto yastahili kusimamiwa kidogo. Kamusi itakuambia "ahidi", na hufuatwa na akuzativu pamoja na kitenzijina cha wakati ujao: promitto me venturum esse, "naahidi kwamba nitakuja". Lakini kiini chake ni kuachia kitu kiende mbele. Mwanahistoria Livius anasimulia jinsi Wagali walipoingia Roma wakawakuta wazee wameketi kimya mbele ya nyumba zao. Mgali mmoja akashika ndevu za mzee Papirius, ambazo zilikuwa promissa kama desturi ya wakati ule. Ndevu hizo hazikuahidiwa na mtu. Ziliachiwa zikue zikashuka. Papirius alimpiga kichwani kwa fimbo yake ya pembe ya ndovu, na mauaji yakaanzia hapo. Ahadi nayo ni neno ulilokwisha kuliachia mbele yako, na huwezi tena kulirudisha kinywani.

Committo ni kuachia pamoja. Ukiwaachia wapiganaji wawili wakutane, umeanzisha pambano, proelium committere. Ukimwachia mtu kitu chako, umemkabidhi. Ukijiachia kwenye kosa, umelitenda. Kutoka kwenye "kukabidhi" ndimo zilimotoka kamati, kamishna na kamisheni, zilizotufikia kupitia Kiingereza. Kiswahili kina neno lake la kazi hiyohiyo, tume, lililotokana na kutuma. Tunaposema "Kamishna wa Tume", tumetaja wazo lilelile mara mbili, mara moja kwa Kilatini na mara moja kwa Kibantu.

Tangu karne za mwisho za dola, mitto ilianza kuchukua pia maana ya "weka" na "tia". Biblia ya Kilatini imejaa ushahidi: divai mpya hutiwa (mittunt) kwenye viriba vipya, yule mjane maskini anatia (misit) sarafu mbili kwenye sanduku la hazina, nyavu zinatupwa (mittite) upande wa kulia wa chombo. Maji ya beseni lile la Yohane yamo humo humo. Kifaransa mettre na Kiitaliano mettere, vyote vikiwa watoto wa mittere, leo ni "weka" moja kwa moja, na kutuma kumeachwa kwa vitenzi vingine.

Ite, missa est

Bibi yangu aliisikia Misa kwa Kilatini hadi alipokuwa mtu mzima, na mwisho wake alijua kuujibu Deo gratias bila kujua kilichosemwa. Leo padre anatuambia Misa imekwisha, twende na amani. Maneno ya Kilatini ni Ite, missa est, na yamezua ubishi mrefu.

Ite ni "nendeni". Missa est, kwa tuliyoyaona, inaweza kuwa kitenzi cha kutendwa, "imetumwa" au "imeachiliwa", ikitaka nomino ya kike iliyofichwa. Ndipo wengine wakasema ni Kanisa limetumwa, wengine ni sadaka imepelekwa mbinguni. Ninavyoona mimi, jibu ni jepesi zaidi. Kilatini cha karne zile kilikuwa na tabia ya kuunda nomino fupi kutokana na umbo hili: remissa badala ya remissio, collecta badala ya collectio. Missa nayo ni missio kwa kifupi, ruhusa ya kuondoka. "Nendeni, ni ruhusa." Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, anaeleza kwamba baada ya mahubiri fit missa catechumenis, wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, wanaruhusiwa kutoka, na waamini wanabaki. Avitus, askofu wa Vienne, mnamo mwaka 500 alieleza kwamba makanisani, ikulu na kwenye mahakama za wakuu missa hutangazwa watu wanapoachiliwa waende. Lilikuwa neno la ofisi kabla ya kuwa neno la ibada, kama mwenyekiti anavyosema kikao kimefungwa.

Jina la mlango wa kutokea likawa jina la nyumba nzima. Tendo la mwisho la ibada liliipa ibada yote jina, na jina hilo likasafiri: Misa kwetu, na katika Kiingereza cha kale likajishika kwenye jina la Kristo mpaka tukapata Krismasi. Anayesema Krismasi, Mkatoliki au la, ana mitto mdomoni. Benedikto XVI aliandika mwaka 2007 kwamba zamani missa ilimaanisha kuruhusiwa kuondoka tu, na kwamba Wakristo baadaye wakaanza kuisikia ndani yake misheni. Hilo nalikubali kama tafakari, mradi lisirudishwe nyuma likadaiwa kuwa sarufi. Misheni yenyewe imeenda mbali: katika mitaa ya Dar es Salaam "misheni tauni" ni mtu anayeishi kwa madili ya mjini, bila altare wala kengele.

Aya moja ya Yohane, sura ya 20, huwa naisoma kwa lugha tatu nikitaka kuona ufasiri ulivyo kazi ya kuamua. Kigiriki kina vitenzi viwili tofauti: apestalken kwa Baba anayemtuma Mwana, pempo kwa Mwana anayewatuma wanafunzi. Kilatini kimevikunja kuwa kimoja: sicut misit me Pater, et ego mitto vos. Union Version imevikunjua tena: "kama Baba alivyonituma mimi, mimi nami nawapeleka ninyi." Kwenye apestalken ndiko lilikotoka neno la Kigiriki apostolos, ambaye Kiswahili kinamwita mtume, mtu wa kutumwa. Lakini mzizi huohuo umetupa pia mtumwa na mtumishi. Kilatini kina servus, apostolus na missus, maneno matatu yasiyofanana sura, mahali ambapo sisi tunazungusha tuma ileile na kumpata mtu mwenye cheo, mtu asiye na uhuru na mtu wa kazi.

Ndiyo maana utenzi wa mzee Simeoni una ladha ya pekee kwetu. Nunc dimittis servum tuum, Domine. Wengi huusikia kama ombi, lakini ombi lingekuwa dimitte. Dimittis ni taarifa: "sasa unamwachilia". Union Version nayo ni sahihi kabisa inaposema "sasa, Bwana, wamruhusu mtumishi wako", kwa kuwa hiyo wa- ni u- ya "wewe" iliyoungana na -a-, si "wao" na si amri. Katika Kilatini kuachia kumo ndani ya kitenzi. Katika Kiswahili kutuma kumo ndani ya mtumishi, aliyetumwa miaka mingi na sasa anafunguliwa njia. Mzee huyo anayasema hayo akiwa bado amemshika mtoto Yesu mikononi.